Sifuri za jioni: mashina matatu ndani ya programu moja ya duka

Simu iliingia Ijumaa jioni. Mwenye duka la spea za pikipiki, Morogoro, mtu mzima ninayemheshimu. Shikamoo yangu aliiitikia haraka haraka, kisha akaenda moja kwa moja: "Fundi, njoo uniangalizie hii kompyuta. Binti wa jioni ananiibia. Nataka ushahidi kabla sijamwondoa."

Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa ripoti ya mauzo. Mauzo ya asubuhi yamekaa sawa: tairi 2, tyubu 4, bei na jumla zinasomeka. Ukishuka kwenye mauzo ya jioni, unakuta cheni 428, idadi 0, jumla 0. Plagi, idadi 0, jumla 0. Brekishuu, vivyo hivyo. Jina la kitu lipo, saa ipo, jina la muuzaji lipo, lakini hesabu ni sifuri. Kwenye rafu vitu vimepungua, kwenye kompyuta stoki haijashuka hata kimoja. Ukiwa mwenye duka, na hujui kilichomo ndani ya programu, utafikiri nini? Utafikiri kuna mtu anauza, anaandika sifuri, tofauti anaitia mfukoni.

Binti alikuwa na daftari la kaunta alilokuwa akijaza kwa kalamu, na pesa za droo zililingana nalo kila siku. Daftari halikuaminiwa. Hapo ndipo kisa hiki kiliponigusa, na ndiyo sababu nakiandika kwa urefu. Kompyuta ikisema sifuri, watu wengi huiamini kuliko mtu aliyesimama mbele yao, na sisi tunaoandika programu ndio tunaoipa kauli hiyo.

Nikamwomba mzee siku mbili na asimwambie binti neno.

Programu haikuwa yangu. Iliandikwa na kijana aliyekuwa chuoni wakati huo, kwa lugha ya Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengenezea madirisha, na sasa yuko kwenye kazi nyingine mbali. Ilikuwa na faili tano: ya kuingilia kwa nywila, ya dirisha kuu lenye orodha ya stoki, ya mauzo, ya manunuzi, na ya hifadhidata ya SQLite. Kazi haikuwa ya ovyo. Majina yanasomeka, hesabu za jumla ni sahihi, hakuna ujanja uliofichwa. Nilipitia faili ya mauzo mara 3 nikitafuta mahali idadi inapogeuzwa kuwa sifuri, sikupaona.

Jumamosi jioni nikakaa kaunta na binti. Akaingiza nywila, dirisha kuu likafunguka, akabofya "Mauzo mapya". Akachagua taa ya mbele, akaandika 2, akabofya "Hifadhi". Nikafungua jedwali la mauzo kwenye kompyuta yangu. Mstari mpya ulikuwepo: taa ya mbele, idadi 0.

"Kaka, umeona mwenyewe? Niliandika mbili."

Nilikuwa nimeona. Jumapili asubuhi nikarudi kumtazama kijana wa zamu ya asubuhi. Yeye hakuingiza nywila. Juu ya meza ya kompyuta, yaani skrini yake ya mwanzo, kulikuwa na ikoni ndogo iliyoachwa na mwandishi wa programu enzi za majaribio, inayofungua faili ya mauzo peke yake. Kijana alikuwa ameizoea kwa sababu ni ya haraka. Akaandika 2, ikahifadhiwa 2. Faili ileile, mistari ileile, kompyuta ileile. Tofauti ilikuwa moja tu: asubuhi dirisha la mauzo lilifunguliwa likiwa peke yake, jioni lilifunguliwa likiwa la tatu.

Hapo nikakumbuka kitu nilichokipita kwenye msimbo bila kukitilia maanani. Katika faili ya mauzo kulikuwa na mstari wa kuweka nembo ya duka, umezimwa kwa alama ya reli (`#`), na pembeni mwandishi ameandika kwamba picha inaleta kosa ikifunguliwa kutoka dirisha kuu. Niliurudisha ule mstari, nikafungua kwa njia ya binti, na kosa likatokea: `image "pyimage1" doesn't exist`. Picha imetengenezwa sekunde moja iliyopita, na Tk, injini iliyo chini ya Tkinter, inasema haipo. Anayefanya kazi na Tkinter kila siku akiona maneno hayo anajua pa kwenda. Nikaongeza mstari mmoja katika kila dirisha:

```python
print(str(dirisha), dirisha.winfo_class())
```

Jibu likaja mara 3, bila tofauti yoyote:

```
. Tk
. Tk
. Tk
```

Ile nukta ndiyo kisa kizima. Tkinter ni ngozi ya Python juu ya Tk, na Tk aliijenga John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, juu ya lugha yake ya Tcl iliyoanza mwaka 1988. Katika Tk kila kitu kinachoonekana kina anwani, kama faili ndani ya folda. Shina linaitwa nukta. Dirisha lililozaliwa na shina hilo Python huliita `.!toplevel`, na kisanduku kilicho ndani yake kitakuwa `.!toplevel.!entry`. Programu yenye afya ina nukta moja, na madirisha mengine yote yanatoka kwake. Hii ilikuwa na nukta 3, maana yake ukoo 3 usiojuana.

Ukiandika `tk.Tk()` huombi dirisha tu. Unaanzisha mkalimani mpya wa Tcl, yaani injini inayosoma na kutekeleza amri, mwenye kumbukumbu yake, picha zake, vibadilika vyake (majina yanayoshika thamani) na shina lake. Ukiandika `tk.Toplevel(mzazi)` unapata dirisha kamili lenye fremu na kitufe cha kufungia, linaloonekana kwa macho sawasawa na lile la kwanza, lakini liko chini ya mkalimani yuleyule. Kwa mtumiaji hakuna tofauti. Ndiyo maana kosa hili hupita kwenye majaribio: kila faili iliandikwa na kujaribiwa ikiwa peke yake, na ikiwa peke yake `Tk()` ni sahihi kabisa. Siku zilipounganishwa, kila moja ikaja na shina lake.

Sasa sifuri. Idadi ilishikwa na `IntVar`, kibadilika cha Tkinter cha kushika namba nzima, iliyoandikwa hivi:

```python
dirisha = tk.Tk()
idadi = tk.IntVar()
tk.Entry(dirisha, textvariable=idadi).pack()
```

`IntVar` isipoambiwa mzazi wake ni nani, Tkinter huiweka kwenye shina la kwanza kuundwa katika programu. Kwa binti, shina la kwanza lilikuwa dirisha la nywila. Kibadilika kikazaliwa huko, kwa jina ambalo Tkinter hukibuni, mfano `PY_VAR0`, kikiwa na thamani yake ya kuanzia, yaani 0. Kisanduku cha idadi kilikuwa kwa mkalimani wa tatu. Kikapewa jina `PY_VAR0`, kikalitafuta kwake, hakikulikuta, kikajiundia la kwake lililo tupu. Binti akaandika 2, na 2 ikakaa kwa mkalimani wa tatu. Alipobofya "Hifadhi", Python ikauliza `idadi.get()`, swali likaenda kwa mkalimani wa kwanza, na mkalimani wa kwanza akajibu kwa uaminifu kabisa: 0. Hakuna kosa lililotupwa, hakuna onyo. Vibadilika viwili vyenye jina moja katika nyumba mbili.

Jina la bidhaa lilitoka salama kwa sababu orodha ya bidhaa ilisomwa moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku chenyewe, bila kupitia kibadilika. Laiti mwandishi angesoma na idadi kwa njia hiyo, sifuri zisingetokea, na ule ukoo 3 ungeendelea kufichika hadi uharibu kitu kingine. Nasema hivyo kwa sababu dawa ya haraka ilikuwa hiyohiyo, kubadili mstari mmoja na kwenda nyumbani, na nilishawishika. Lakini kulikuwa na malalamiko mengine mawili ambayo mzee aliyataja juu juu, na sasa yalianza kueleweka.

La kwanza: orodha ya stoki haijisasishi baada ya mauzo. Mwisho wa faili ya mauzo kulikuwa na `dirisha.mainloop()`, mzunguko unaosubiri mibofyo na matukio mengine, na kwenye dirisha kuu, chini ya mstari unaofungua mauzo, kulikuwa na mstari wa kujaza orodha upya. Mwandishi alitarajia kwamba dirisha la mauzo likifungwa, `mainloop` yake itaisha na orodha itajazwa. Haiendi hivyo. `mainloop` huisha pale mashina yote yanapokuwa yamekwisha, si lile moja uliloliitia. Na dirisha la nywila halikufungwa kamwe. Baada ya binti kuingia, lilifichwa tu kwa `withdraw`. Shina moja lilikuwa hai siku nzima bila kuonekana, kwa hiyo hakuna mzunguko wa matukio ulioweza kumalizika. Kila dirisha la mauzo lililofunguliwa liliongeza mzunguko mwingine ndani ya ule uliotangulia, kama ghorofa juu ya ghorofa, na hakuna aliyeshuka. Mstari wa kujaza orodha haukuwahi kufikiwa hata mara moja.

La pili lilikuwa la kijana wa asubuhi. Siku nyingine akifika, programu inakataa kuhifadhi: `database is locked`, yaani hifadhidata imefungwa. Orodha inasomeka, kuandika hakuwezekani, mpaka azime kompyuta na kuiwasha. Nilifungua Task Manager, orodha ya programu zinazoendeshwa kwenye Windows, asubuhi moja ya namna hiyo na nikaiona `pythonw.exe` ya jana yake, yaani programu ya duka, bado iko hai. Laptopu haizimwi usiku, hufunikwa tu ikalala. Jioni mteja wa mwisho alikuwa amebadili mawazo. Binti alikwishaongeza bidhaa kwenye orodha ya mauzo, na kwa muundo wa ile programu kila "Ongeza" ni `INSERT` (amri ya kuingiza mstari kwenye hifadhidata), halafu `commit` (amri ya kuthibitisha muamala) inakuja mwishoni kabisa. Mteja alipoondoka, binti akafunga kwa kitufe cha X, kama yeyote angefanya. Dirisha likaondoka, muamala ukabaki wazi, na kwa kuwa shina la nywila liko hai gizani, mchakato mzima ukabaki umeshika kufuli ya kuandika. SQLite katika hali hiyo huwaruhusu wengine kusoma lakini sio kuandika. Python husubiri sekunde 5, kisha hutupa lile kosa.

Malalamiko matatu, basi, na chanzo kimoja: hakuna aliyeamua ni dirisha lipi lenye nyumba, na X ikibofywa nani anapaswa kufanya nini.

Nilianza matengenezo kwa kuifanya programu ishindwe kwa sauti. Tkinter ina kazi iitwayo `NoDefaultRoot`. Ukiiita mwanzoni kabisa, inaondoa desturi ya kukisia mzazi, na kila kibadilika au picha isiyotaja mzazi inatupa kosa palepale. Nikaendesha programu, ikaanguka. Nikarekebisha, ikaanguka tena mahali pengine. Nilipata sehemu 14 za namna hiyo, nyingine katika madirisha ambayo hakuna aliyekuwa amelalamikia. Sijui chombo kingine cha bei nafuu kama hiki kwa programu ya Tkinter uliyoirithi, na nashangaa ni wangapi hawajawahi kukisikia.

Kisha shina moja. Dirisha kuu likawa `Tk()`, mengine yote `Toplevel`. Programu inapoanza, shina linafichwa, dirisha la nywila linafunguka kama mtoto wake, na nywila ikikubaliwa mtoto anafungwa kwa `destroy` na shina linatolewa kwa `deiconify`. Hapa nilijikwaa mwenyewe. Nilikuwa nimeweka `transient` kwenye dirisha la nywila, kwa mazoea, ili likae juu ya mzazi wake. Programu ikawaka, hakuna kilichoonekana. Dirisha la `transient` hufuata hali ya mzazi: mzazi akifichwa, nalo linafichwa. Nilikuwa nimelifunga dirisha la nywila kwa mzazi aliye gizani. Nikaiondoa `transient` pale, nikaiacha kwenye madirisha yanayofunguka wakati mzazi yuko wazi.

Dirisha la mauzo likawa hivi:

```python
class DirishaMauzo(tk.Toplevel):
    def __init__(self, mzazi, hifadhi, baada):
        super().__init__(mzazi)
        self.hifadhi = hifadhi
        self.baada = baada
        self.title("Mauzo mapya")
        self.transient(mzazi)
        self.idadi = tk.IntVar(self, value=1)
        tk.Entry(self, textvariable=self.idadi).pack()
        tk.Button(self, text="Maliza", command=self.maliza).pack()
        self.protocol("WM_DELETE_WINDOW", self.ghairi)

    def maliza(self):
        self.hifadhi.commit()
        self.destroy()
        self.baada()

    def ghairi(self):
        self.hifadhi.rollback()
        self.destroy()
```

Jina `WM_DELETE_WINDOW` ni urithi wa X Window, mfumo wa madirisha (si kile kitufe cha X) ulioanzia chuo cha MIT mwaka 1984, ambako meneja wa madirisha humtumia programu ujumbe: mtumiaji anataka kukufunga, fanya unachojua. Tk imelibakiza jina hilo hata kwenye Windows. Usipolishughulikia, Tk huliharibu dirisha na basi, haijui habari za muamala wako. Kila dirisha linaloshika kitu, iwe faili, muamala au muunganisho, linastahili jibu lake lenyewe kwa X. Na usitegemee mazoea uliyotoka nayo kwenye maktaba nyingine, kwa sababu hazikubaliani. Katika Swing ya Java, `JFrame` ikibofywa X hujificha tu usipoiambia vingine. Qt humaliza programu dirisha la mwisho linapofungwa. Tk huliharibu lile moja pamoja na watoto wake, na likiwa shina, madirisha yake yote yanaondoka nalo.

Wengi wangeongeza `grab_set` hapa, ili dirisha la mauzo lizuie kila kitu mpaka limalizike. Sikuiweka, kwa makusudi. Nilikuwa nimemwona binti akiuza: mteja anauliza bei ya kitu kingine katikati ya mauzo, na anahitaji kushuka kwenye orodha iliyo nyuma. Ukimfungia orodha utamlazimisha kughairi mauzo. `grab_set` niliibakiza kwenye uthibitisho wa kufuta bidhaa tu, tena baada ya `wait_visibility`, kwa sababu kwenye Linux dirisha ambalo halijaonekana bado likiombewa hivyo hujibu `grab failed: window not viewable`.

Bila kizuizi hicho, mtu anaweza kubofya "Mauzo mapya" mara 3 akapata madirisha 3. Kwa hiyo dirisha kuu linakumbuka lililo wazi:

```python
def fungua_mauzo(self):
    if self.mauzo is not None and self.mauzo.winfo_exists():
        self.mauzo.deiconify()
        self.mauzo.lift()
        self.mauzo.focus_set()
        return
    self.mauzo = DirishaMauzo(self.shina, self.hifadhi,
                              self.jaza_orodha)
```

X ya dirisha kuu nayo ikapata jibu lake: kama mauzo yako wazi, inauliza kwanza, kisha inarudisha muamala nyuma, inafunga hifadhidata, na mwisho inaharibu shina. `mainloop` imebaki moja katika programu nzima, mwishoni mwa faili ya kuanzia. Nembo ya duka nayo imerudi, ikiwa imeandikiwa `master=self`.

Jumanne jioni tulijaribu pamoja, mzee amesimama nyuma yetu. Nilianza kwa programu ya zamani. Nikamwomba mzee mwenyewe akae kitini, aingize nywila, afungue mauzo, aandike 5. Ikahifadhiwa 0. Akaandika tena, taratibu, akitazama kidole chake. 0. Kisha nikafungua mpya, akaandika 5, orodha iliyo nyuma ikashuka kutoka 18 hadi 13 mbele ya macho yake.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akamwita binti, akamwomba daftari la kaunta, na wakakaa wote wawili kuingiza upya mauzo ya mwezi mzima, yeye akisoma mwandiko wake, mzee akiandika. Nilipoondoka walikuwa wamefika tarehe 9. Ile ikoni ya juu ya meza niliifuta kabla ya kufunga mlango.